Mbona Haisomeki? Dalili, Vyanzo na Tiba za Maandishi ya Mtandaoni

"Nitaisoma baadaye, ni ndefu." "Mbona kwangu inaleta viboksi?" "Kwani kikao ni saa ngapi?" Malalamiko ya wasomaji huja hivyo, kwa mkato, na mwandishi huyachukulia kuwa ni uvivu wao. Mara nyingi Kiswahili chenyewe hakina kosa. Hoja ipo, sarufi iko sawa, ila maandishi yalipangwa kwenye kompyuta pana na sasa yanasomwa kwenye kioo cha simu, ambako mstari mmoja hubeba herufi 40 hivi, na pungufu ya hapo kwa wazee waliokuza maandishi ya simu zao. Kila dalili ina chanzo chake. Dawa ya moja huweza kuiharibu nyingine, kwa hiyo usianze kutibu kabla hujajua unatibu nini.

Hatua ya kwanza ni kuomba picha. Mwambie aliyelalamika apige skrinishoti akutumie. Picha moja itakuonyesha mambo ambayo yeye hana maneno ya kuyaeleza: aya iliyojaa kioo kizima, herufi zilizogeuka, jedwali lililokatwa upande. Kisha fungua maandishi yako mwenyewe kwenye simu ya bei nafuu, si ile yako mpya, na uyasome ukiwa nje juani. Ukiona shida huko, ni ya kweli. Usipoiona, linganisha na picha uliyotumiwa.

"Ni ndefu, nitaisoma baadaye"

Kabla ya kufupisha chochote, hesabu aya. Aya ya maneno 100 ya Kiswahili ina herufi 650 hivi pamoja na nafasi. Kwenye kompyuta, hiyo ni mistari sita au saba. Kwenye simu ni mistari 16 au 17, na ukiwa na aya tatu za namna hiyo zimefuatana, msomaji anaona ukuta usio na mlango. Habari ile ile ikikatwa aya za sentensi mbili au tatu huonekana nusu ya urefu wake, ingawa hujaondoa neno hata moja.

Lakini kukata aya peke yake hakutoshi kama sentensi ndiyo ndefu. Kiswahili cha matangazo kina tabia ya kuunganisha kila kitu kwa "ambapo", "hivyo", "pamoja na", na "na" zisizokwisha. Tazama tangazo kama hili, la aina tunayoipokea kila wiki:

"Habari za leo wazazi wote mnataarifiwa kuwa kutakuwa na kikao siku ya Jumamosi ambapo tutajadili suala la chakula cha mchana pamoja na ukarabati wa vyoo hivyo kila mzazi anaombwa kufika bila kukosa saa tatu asubuhi na kwa ambao hawajalipa mchango wa mwezi uliopita waje nao na kikao kitafanyika darasa la saba."

Hakuna neno gumu hapo. Tatizo ni kwamba siku iko mwanzoni, saa iko katikati na mahali pako mwishoni, na mzazi aliye kwenye daladala hawezi kuviokota vyote. Halafu kuna lile onyesho dogo la ujumbe linalotokea simu ikiwa imefungwa. Hapo ataona "Habari za leo wazazi wote mnataarifiwa kuwa" na basi. Lisomeke hivi:

"Wazazi, habari za leo.
Kikao: Jumamosi, saa 3:00 asubuhi, darasa la saba.

Tutajadili mambo mawili: chakula cha mchana na ukarabati wa vyoo.

Ambaye hajalipa mchango wa mwezi uliopita aje nao."

Salamu imebaki. Wapo wanaoshauri iondolewe ili kuokoa nafasi, na mimi sikubaliani nao: tangazo lisilo na salamu huonekana amri, na wazazi wataanza kujadili adabu ya mwalimu badala ya vyoo. Ipe mstari wake mmoja mfupi, kisha ingia kwenye jambo.

Upo pia ugonjwa wa kinyume. Mtu akishaambiwa akate aya, anaweka kila sentensi peke yake na kuruka mstari baada ya kila moja, mpaka msomaji anasogeza kioo kwa kidole muda wote bila kujua lipi linafungamana na lipi. Sentensi zinazoelezana zikae pamoja.

"Nimeifungua, sijaona nilichokitafuta"

Chanzo mara nyingi ni vichwa vidogo, au havipo au vipo na havisemi kitu. Mwaka 2006 kampuni ya Nielsen Norman Group ilichapisha matokeo ya kufuatilia macho ya watu 232 wakisoma kurasa za wavuti, na ikaonekana kwamba macho mengi hupita kwa umbo linalofanana na herufi F: mstari wa juu husomwa, mwingine chini yake husomwa kwa nusu, kisha jicho linateremka upande wa kushoto likigusa mianzo ya mistari tu.

Sasa angalia vichwa vya makala nyingi za Kiswahili. "Jinsi ya kupanda mahindi." "Jinsi ya kupalilia mahindi." "Jinsi ya kuvuna mahindi." Au hivi: "Mambo ya kuzingatia kuhusu...", "Umuhimu wa...", "Fahamu kuhusu...". Jicho linaloteremka kushoto linakutana na "Jinsi ya, Jinsi ya, Jinsi ya" na halipati pa kushika. Anza na neno lenye uzito: "Kupanda: wiki ya kwanza ya mvua", "Palizi ya kwanza na ya pili", "Kuvuna na kukausha". Msomaji anayetaka palizi atafika kwenye palizi.

Kosa jingine halionekani kwa macho. Watu wengi hutengeneza kichwa kidogo kwa kukoza wino na kukuza herufi, wakaridhika. Kwa kompyuta, hiyo bado ni aya ya kawaida, ila ni nene. Asiyeona, anayetumia programu ya kusomewa kioo, huruka kutoka kichwa hadi kichwa kama wewe unavyopitisha jicho, na vichwa vya bandia programu yake haivitambui. Tumia mitindo ya vichwa iliyomo ndani ya Word, Google Docs au mfumo unaochapishia. Faida yake nyingine ni kwamba orodha ya yaliyomo hujitengeneza yenyewe.

Na hapo hapo, ikiwa msomaji huyo anakwambia sauti inasoma Kiswahili kwa lafudhi ya Mwingereza, tatizo si vichwa. Ukurasa umetangazwa kuwa wa Kiingereza. Mwenye tovuti abadilishe lugha ya ukurasa iwe "sw", yaani `lang="sw"`.

"Maneno yameachana, kama yamenyunyizwa"

Umenyoosha kingo zote mbili. Kitabuni hilo hupendeza kwa sababu mstari una maneno kumi au zaidi ya kugawana nafasi. Kwenye simu una maneno matano au sita tu, na Kiswahili hakioni haya kukuletea neno kama "watakaoshughulikia", herufi 18, ambalo lisipoenea linashuka zima zima mstari wa chini. Yaliyobaki juu yanavutwa yafike ukingoni, na katikati yanabaki mapengo. Panga kushoto, uache ukingo wa kulia uwe na meno. Sijaona sababu nzuri ya kunyoosha kingo zote mbili kwa maandishi ya simuni, hata kwa tovuti za ofisi zinazopenda kuonekana rasmi.

"Mistari imekatika ovyo, na kuna vistari katikati ya maneno"

Hii ni alama ya maandishi yaliyonakiliwa kutoka PDF. Faili la PDF hutunza mahali kila mstari ulipoishia kwenye karatasi, kwa hiyo ukibandika mahali pengine kila mstari unakuja na mkato wake. Kama chanzo ni gazeti lenye safu, neno lililokatwa mwisho wa mstari huja na kistari chake, ukasoma "wana- nchi" au "ma- endeleo" katikati ya sentensi. Safu mbili zikichanganyika, sentensi ya kushoto humalizikia kwenye habari ya kulia, na hilo halina njia ya mkato. Nakili safu moja moja.

Kwa mikato ya mistari, Word inaweza kukuokoa. Bonyeza Ctrl na H. Kwanza tafuta `^p^p`, yaani miruko miwili ya aya, uweke alama isiyotumika popote, tuseme `@@@`. Kisha tafuta `^p` uweke nafasi moja. Mwisho tafuta `@@@` uweke `^p^p`. Aya zilizotenganishwa kwa mstari mtupu zitabaki, mikato ya ndani itaondoka. Kama hakuna kilichobadilika, mikato yako ni ya aina nyingine, basi tumia `^l` mahali pa `^p`. Vistari viondoe ukivitazama kimoja kimoja, usivifagie vyote kwa mkupuo, maana vipo vilivyo na haki ya kuwapo.

"Kuna vidude badala ya herufi"

Uliza ni vidude gani, kwa sababu hapa kuna magonjwa mawili yanayofanana.

Kama msomaji anaona "ngâ€™ombe", kosa ni la usimbaji, yaani namna kompyuta inavyohifadhi herufi kwa namba. Kiswahili sanifu kina bahati: herufi zake zote zimo katika alfabeti ya kawaida isiyo na nukta wala vikofia, kwa hiyo mwandishi anaweza kuandika miaka bila kukutana na tatizo hili. Linapojitokeza, hujitokeza kwenye ritifaa, ile alama ya juu iliyo katika ng'ombe. Ukiandika kwenye Word, au kwenye iPhone tangu iOS 11 ya mwaka 2017, ritifaa iliyonyooka hubadilishwa kimyakimya kuwa ile iliyopinda. Iliyopinda haimo katika ASCII, seti ya zamani ya herufi za kompyuta. Katika UTF-8, usimbaji unaotumika sana leo, inahifadhiwa kwa baiti tatu. Programu inayodhani faili ni la Windows ya zamani inasoma baiti hizo moja moja, na ng'ombe wako anapata â, € na ™ shingoni.

Tiba ni kuhakikisha pande zote mbili zinakubaliana kwamba ni UTF-8. Ukurasa wa wavuti uwe na `<meta charset="utf-8">` juu kabisa. Ukihifadhi orodha kutoka Excel kama CSV, chagua ile iliyoandikwa CSV UTF-8. Kurekebisha neno moja moja kwa mkono ni kazi bure, kesho vidude vitarudi.

Ritifaa ina vituko vingine viwili, na vyote huwapata watu wenye majina kama Ng'ang'a au wanaoandika kuhusu Ng'ambo ya Zanzibar. Cha kwanza ni alama ya reli. Andika #Ng'ombe, kiungo kitakatikia kwenye #Ng, kwa sababu mitandao huhesabu ritifaa kuwa mwisho wa neno. Hapo hakuna namna ila kuiacha: #Ngombe. Wenye kuchukia wachukie. Na ukiunganisha maneno mengi, anza kila moja na herufi kubwa, #MajiSafiKwaWote, vinginevyo #majisafikwawote inamtaka msomaji akate mwenyewe.

Cha pili ni watu wanaobonyeza alama ya kushoto juu ya kibodi, ile iliyo chini ya Esc, wakidhani ndiyo ritifaa. Kwenye mifumo inayotumia Markdown, njia ya kupamba maandishi kwa alama za kibodi, alama hiyo hufungua na kufunga maandishi ya msimbo. Andika ng'ombe wa ng'ambo kwa alama hizo, utakuta "ombe wa ng" imegeuka fonti ya mashine na alama zenyewe zimetoweka. Tumia ritifaa iliyo karibu na Enter.

Ugonjwa wa pili ni viboksi vitupu. Huu huwapata wanaopenda majina na vichwa vya 𝓶𝓪𝓹𝓪𝓶𝓫𝓸. Hizo si fonti. Ni alama za hisabati, zilizoingizwa katika Unicode, orodha ya kimataifa ya herufi za kompyuta, mwaka 2001 kwa ajili ya wanahisabati wanaohitaji kutofautisha herufi za fomula zao. Simu ya zamani isiyo nazo huonyesha viboksi, programu za kusoma kioo huzitaja moja moja kwa majina yao marefu au kuziruka kabisa, na mtu akitafuta jina lako kwa herufi za kawaida huenda asikupate. Kwa jina la duka ni hasara ya moja kwa moja.

"Hizi nyota ni za nini?"

Kwenye WhatsApp neno hukozwa kwa kuzungushiwa nyota, hulazwa kwa vistari vya chini, hukatwa kwa mawimbi. Nyota zikibaki nyota, angalia nafasi: lazima zigusane na neno. Ukiweka nafasi baada ya nyota ya kwanza au kabla ya ya mwisho, haifanyi kazi. Chanzo kingine ni kuhamisha ujumbe wa WhatsApp kwenda Facebook au barua pepe, ambako nyota hizo hazina maana hiyo.

Ukishajua kukoza, usikoze kila kitu. Tangazo lililokozwa nusu nzima linasomeka sawa na lisilokozwa kabisa.

"Macho yanauma"

Angalia rangi kwanza. Maandishi ya kijivu juu ya weupe yanapendeza kwenye kompyuta ya mbunifu na kupotea juani. Miongozo ya kimataifa ya WCAG, ya kufanya wavuti ufikike hata kwa wenye ulemavu, inataka maandishi ya kawaida yatofautiane na usuli wake kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1. Kijivu cha `#999999` juu ya nyeupe hakifiki hata 3 kwa 1. Cha `#767676` ndicho kama cha mwisho kinachopita. Kisha angalia HERUFI KUBWA TUPU: aya nzima ya namna hiyo inamnyima msomaji vichwa na mikia ya herufi alivyovizoea, na isitoshe inasikika kama unapiga kelele. Tatu, ukubwa: maandishi ya wavuti yasishuke chini ya pikseli 16.

"Siwezi kukopi namba"

Umeweka maandishi ndani ya picha. Bango la msiba, la harusi, la mchango wa matibabu, yote siku hizi hutengenezwa kama picha yenye maua pembeni, na namba ya kutumia pesa imo ndani yake. Mtu wa Muscat au Minneapolis anayetaka kuchangia inabidi aandike namba kwenye karatasi kwanza, na tarakimu moja ikikosewa pesa inakwenda kwa mtu mwingine. Picha pia hula bando: herufi 1,000 za Kiswahili ni kilobaiti 1 tu, bango moja linaweza kufika mamia.

Tuma bango kama unalipenda, lakini chini yake andika habari kwa maandishi. Namba itume kama ujumbe wake pekee, bila neno jingine, ili mtu akiibonyeza na kuishikilia anakili namba tupu. Jina litakalotokea wakati wa kutuma liandikwe kwenye ujumbe uliotangulia.

Jedwali nalo lina shida ya jamaa hiyo. Lililopangwa kwa kubonyeza nafasi nyingi huvunjika kila mahali, kwa sababu kwenye wavuti nafasi kumi mfululizo huonyeshwa kama moja. Bei za bidhaa chache zigeuze mistari ya kawaida: bidhaa, kipimo, koloni, bei. Jedwali la safu mbili linavumilika kwenye simu. La safu sita libaki kwenye faili.

"Nimeingia, sijakuta mtu"

Mkutano wa mtandaoni umetangazwa "saa 2:00", na kila mtu amehesabu kwa saa yake. Wa Mwanza anajua ni usiku, wa London aliyezaliwa huko anaona saa nane mchana ya kwao. Andika mara mbili: saa 2:00 usiku, Afrika Mashariki (20:00 EAT). Tarehe nayo, 3/4 ni Aprili kwetu na ni Machi kwa walio Marekani. Andika mwezi kwa jina lake.

"Shairi limevunjika"

Kama beti zote zimeungana kuwa aya moja, umebandika mahali pasipojali mruko wa mstari. HTML, lugha ya kurasa za wavuti, hugeuza mruko kuwa nafasi. Markdown vilevile, isipokuwa umalize mstari kwa nafasi mbili. Kwenye HTML weka `<br>` mwisho wa kila mshororo na kila ubeti uwe aya yake.

Tatizo gumu zaidi ni upana. Utenzi, wenye mizani (silabi) nane kwa mshororo, huingia kwenye simu bila kusumbua. Shairi la tarbia, lenye mishororo minne kwa ubeti, lina mizani 16 kwa mshororo, na mshororo kama "Nakuletea barua, ujibu upesi sana" ni herufi 33. Huo unapita kwa shida. Wenye maneno mazito zaidi unakunjika, neno la mwisho linaangukia chini peke yake, na kina cha mwisho hakisimami tena chini ya mwenzake. Jicho linapoteza vina ambavyo mtunzi alivihenyea.

Kwenye tovuti dawa ipo: upe kila mshororo `<div>` yake badala ya `<br>`, yenye `padding-left: 1.5em; text-indent: -1.5em;` ili kilichokunjika kiingie ndani kidogo na msomaji aone kwamba ni mwendelezo, si mshororo mpya. Kwenye WhatsApp huna chombo hicho. Huko kata kila mshororo kwenye koma ya vina vya kati, ukwapi (kipande cha kwanza) mstari wake na utao (kipande cha pili) mstari wake, acha mstari mtupu kati ya ubeti na ubeti, na utaje juu kwamba hii ni tarbia, asije mtu akalihesabu utenzi wenye mishororo minane.